Kukatwa Ushuru si Kuwasilisha Ritani

Mazungumzo haya yalitolewa mwezi wa Mei 2025 mjini Mombasa, mbele ya wanachama wa chama kimoja cha akiba na mikopo: walimu, wauguzi, madereva, wafanyabiashara wadogo na wastaafu. Tumeyachapisha karibu kama yalivyosemwa, tukiacha tu maswali yaliyogusa mambo ya faragha ya walioyauliza.



Nilipokuwa nikiingia ukumbini nimemsikia ndugu mmoja akimwambia mwenzake kwa sauti ya mtu aliyeridhika, “Mimi haya hayanihusu. Ushuru wangu hukatwa kabla mshahara haujanifikia.” Simtaji wala simtazami, asije akaona haya. Ila namshukuru, kwa kuwa amenifungulia mlango. Katika malalamiko yanayoletwa kwetu na watu waliotozwa faini za ushuru wa mapato, neno hilo ndilo tunalolisikia mara nyingi kuliko yote. Mtu ameajiriwa, amekatwa kila mwezi bila kukosa, hana deni la shilingi moja, na bado anakuta jina lake limeandikiwa adhabu. Anahisi amedhulumiwa. Kwa kweli hakudhulumiwa. Amechanganya mambo mawili ambayo sheria imeyatenga.

Jambo la kwanza ni kulipa ushuru. Kwa mwajiriwa, kazi hiyo hufanywa na mwajiri: hukata sehemu ya mshahara na kuipeleka kwa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA, kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Jambo la pili ni kuwasilisha ritani, yaani taarifa ambayo mwenyewe unaitoa mara moja kwa mwaka, ukisema: mwaka huu nilipata kiasi hiki, kutoka mahali hapa na pale, na ushuru niliokatwa ni huu. Hilo la pili mwajiri hakufanyii.

Chukueni mfano wa mchango wa harusi. Jirani yako anakwenda kwenye kikao, nawe unampa elfu moja akufikishie. Fedha zimefika. Lakini kamati ina daftari, na imekubaliwa tangu mwanzo kwamba kila mchangaji atakuja mwenyewe kutia sahihi mbele ya jina lake kabla ya siku fulani. Jirani hawezi kukutilia sahihi. Siku ikipita, fedha zako zipo na sahihi haipo, na kamati hii ina utaratibu wa kutoza faini kwa sahihi inayokosekana.

Siku yenyewe ni tarehe 30 Juni. Mwaka wa ushuru kwa mtu binafsi huanza tarehe 1 Januari na kuisha 31 Desemba. Kisha unapewa miezi sita, kuanzia Januari hadi mwisho wa Juni, uwasilishe ritani ya mwaka uliokwisha. Kwa hivyo mwezi ujao tunawasilisha ritani ya mwaka 2024. Wapo wanaodhani wanawasilisha ya mwaka huu tulionao, wakajaza mshahara wa Januari hadi Mei. Angalieni hilo.

Ni nani anayetakiwa? Ni kila mwenye nambari ya PIN iliyosajiliwa kwa wajibu wa ushuru wa mapato. Sikusema kila mwenye mshahara wala kila mwenye deni. Hapa ndipo wengi hunaswa bila kujua, kwa sababu siku hizi PIN huombwa kila uendako. Ukitaka kufungua akaunti ya benki, wanataka PIN. Ukinunua pikipiki au kiwanja, wanataka PIN. Kijana akiomba mkopo wa masomo ya chuo kikuu, PIN. Mama anayekaanga samaki kule ufuoni aliisajili yake miaka sita iliyopita ili afungue akaunti, akaiweka kabatini pamoja na cheti cha kuzaliwa, akasahau. Yeye mapato yake hayafiki kiwango cha kutozwa ushuru wa mshahara, ambacho kwa sasa ni shilingi 24,000 kwa mwezi, au 288,000 kwa mwaka. Hadaiwi ushuru huo. Ritani, hata hivyo, anadaiwa. Hata mwenye ulemavu aliyepewa cheti cha kusamehewa ushuru kwenye sehemu ya mapato yake hakusamehewa ritani.

Adhabu ya kuchelewa kwa mtu binafsi ni shilingi 2,000, au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa katika ritani hiyo, kiasi kilicho kikubwa kati ya viwili hivyo. Kuna mtu atasema elfu mbili si kitu. Kwa mama wa samaki ni kitu. Tena ni elfu mbili kwa kila mwaka uliokosekana, na miaka ina tabia ya kurundikana mahali ambapo hatutazami. Iwapo kuna ushuru ambao haukulipwa, huongezwa adhabu nyingine ya asilimia 5 kwa kuchelewa kulipa, na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi.

Sasa niruhusuni nijitoe mhanga mimi mwenyewe, maana si vizuri kuwasema watu tu.

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo niliianza Januari 2021, katika kampuni moja ya kusafirisha mizigo. Mwaka mzima nilikatwa ushuru. Mwanzoni mwa 2022 nikapewa fomu ya P9, ile karatasi ambayo mwajiri huitoa ikionyesha mshahara wa kila mwezi na makato yake. Nikaikunja nikaitia mkobani, ikakaa humo hadi tarehe 30 Juni. Jioni ya siku hiyo nikaingia kwenye duka la saiba lililojaa watu hadi barazani. Mhudumu aliniomba vitu viwili, PIN na nenosiri, na shilingi mia mbili. Dakika nne baadaye akanipa karatasi iliyopigwa chapa, nikatoka nikiwa nimeshusha mzigo. Nina shahada ya chuo kikuu, na karatasi ile sikuisoma.

Mwaka uliofuata nikaomba kazi katika taasisi ya umma. Wenye uzoefu mnajua kwamba kazi za namna hiyo hudai vyeti kadhaa, na kimoja ni cheti cha uzingatiaji wa ushuru, ambacho hutolewa na KRA na hudumu kwa muda wa mwaka mmoja. Nikaomba cheti, ombi likakataliwa. Nikaenda Kituo cha Huduma. Afisa aliyenihudumia akageuza kioo cha kompyuta kunielekea akasema kwa upole, “Mwajiri wako anasema alikulipa mshahara wa miezi kumi na miwili. Wewe unasema hukupata hata senti. Tumwamini nani?”

Mhudumu wa saiba alikuwa ameniwasilishia ritani ya sufuri, ile ambayo kwenye mtandao imeandikwa “nil”. Ni ritani ya mtu ambaye hakuwa na mapato yoyote mwaka huo. Huchukua muda mfupi sana kuijaza, na siku ya mwisho, foleni ikiwa imefika barabarani, ni rahisi mno kwa mhudumu kumjazia kila mteja hiyo hiyo. P9 yangu ilikuwa mkobani, umbali wa shubiri moja kutoka mkononi mwake. Hakuiuliza, wala mimi sikuitoa.

Nilisahihisha ritani ile, kwa kuwa sheria inamruhusu mtu kusahihisha taarifa yake ndani ya miaka mitano. Marekebisho yakakaguliwa yakakubaliwa. Cheti kilinifikia siku tatu baada ya muda wa maombi ya kazi kufungwa. Hii kazi mnayoniona nayo leo ni nyingine, na niliipata mwaka mmoja baadaye.

Nimesimulia hayo ili muone kwamba kuwahi siku peke yake hakutoshi. Mimi niliwahi. Ritani yangu iliingia kabla ya saa sita ya usiku wa tarehe 30 Juni. Ila niliwahi na taarifa isiyo kweli, na sababu ya kuwa isiyo kweli ni kwamba niliingoja siku ambayo hakuna mtu aliyekuwa na nafasi ya kunisikiliza. Mwezi wa Februari, mhudumu yule yule angekuwa na wasaa wa kuniuliza kama nimeajiriwa.

Basi ritani ya sufuri ni ya nani? Ni ya mwanafunzi asiye na kazi, ya aliyeachishwa kazi kabla ya mwaka kuanza na hakupata nyingine, ya mama wa nyumbani mwenye PIN lakini asiye na pato. Ukiwa ulipokea mshahara hata wa mwezi mmoja katika mwaka ule, ritani ya sufuri si yako, hata kama ushuru wote ulikwisha katwa.

Namwona mwalimu pale nyuma amekunja uso. Nadhani ana swali kuhusu waajiri wawili. Nilikuwa nakuja huko, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye fedha nyingi.

Tuseme mtu ameajiriwa mahali pa kwanza kwa mshahara unaotozwa ushuru wa shilingi 40,000 kwa mwezi, na jioni hufundisha mahali pa pili kwa shilingi 30,000. Kila mwajiri humhesabia kana kwamba mwenzake hayupo. Viwango vya sasa ni asilimia 10 kwa shilingi 24,000 za mwanzo, asilimia 25 kwa 8,333 zinazofuata, kisha asilimia 30 kwa kinachozidi hapo hadi kufikia laki tano kwa mwezi. Baada ya hesabu hiyo huondolewa nafuu ya kibinafsi ya shilingi 2,400 kwa mwezi. Kwa mwaka, mwajiri wa kwanza atakuwa amemkata shilingi 52,600 na wa pili, iwapo naye amempa nafuu ile, 18,000. Jumla 70,600. Mwenyewe anaona amelipa sana.

Lakini sheria haimtambui kama watu wawili. Pato lake la mwaka ni shilingi 840,000, nafuu yake ni moja tu, na kile kiwango chepesi cha asilimia 10 hupewa mara moja tu. Ukikokotoa kwa pamoja, ushuru wake wa mwaka ni shilingi 160,600. Toa 70,600 zilizokatwa; anadaiwa 90,000. Hakuna aliyemwibia wala aliyemficha. Deni hilo lilikuwa likijijenga mwezi baada ya mwezi, shilingi 7,500 kila mwezi, na halionekani kwenye hati yoyote ya malipo. Huonekana siku anapojaza ritani na kuziweka P9 zote mbili kwenye ukurasa mmoja. Tena salio la namna hii lilipaswa kulipwa kufikia tarehe 30 Aprili, miezi miwili kabla ya siku ya ritani. Anayejaza Januari ana miezi minne ya kujipanga. Anayejaza Juni amekwisha kuchelewa kulipa, hata kama hajachelewa kuwasilisha. Na akiichelewesha ritani yenyewe, zile shilingi 2,000 si adhabu yake tena. Asilimia 5 ya 90,000 ni 4,500.

Dawa yake ni ndogo. Mwambie mwajiri wa pili, kwa maandishi, kwamba nafuu ya kibinafsi tayari unaipata mahali pa kwanza, asikupe tena. Makato ya kila mwezi yatapanda na deni la mwisho wa mwaka litapungua. Halitaisha kabisa, maana kile kiwango chepesi bado umekipata mara mbili, kwa hivyo weka kitu pembeni.

Kuna upande wa pili, ambao watu hawausemi kwa kuwa hawaujui. Mwajiri hukokotoa kwa mwezi ilhali sheria hukokotoa kwa mwaka. Aliyefanya kazi miezi michache tu, tuseme kuanzia Septemba, huenda alikatwa kwa kiwango cha juu kila mwezi huku pato lake la mwaka mzima likiwa dogo. Vilevile aliyelipia bima ya maisha na mwajiri hakuizingatia. Watu hawa huenda wakakuta wamekatwa zaidi ya walichodaiwa, na wana haki ya kuomba ziada irejeshwe. Njia ya kuiomba hupitia kwenye ritani. Asiyewasilisha, au aliyewasilishiwa ya sufuri kama mimi, hajasema kwamba anadai chochote.

Kwa wenye biashara na wenye nyumba za kupangisha nitapita haraka, kwa kuwa mada yao inahitaji siku yake. Biashara ambayo mauzo yake kwa mwaka ni kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 hutozwa asilimia 3 ya mauzo. Kodi ya nyumba za makazi, ikiwa ni kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, hutozwa asilimia 7.5. Zote mbili huwasilishwa kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, wala hazichukui nafasi ya ritani ya Juni. Mwalimu mwenye vyumba vitatu vya kupangisha kule Kisauni anazo njia mbili za kupata pato, na ana tarehe mbili za kukumbuka.

Kuhusu ujazaji wenyewe sitawachosha. Hufanywa kwenye mtandao wa iTax, kwa PIN na nenosiri. Kwa mwenye mshahara tu, huwa kuna fomu fupi ambayo sehemu kubwa imekwisha jazwa kutokana na taarifa za mwajiri. Msiiamini kwa upofu: wekeni P9 kando yake mlinganishe mstari kwa mstari. Kama tarakimu hazilingani, muulizeni mwajiri kabla ya kutuma. Asiyepewa P9 aidai kwa maandishi, na ahifadhi hati zake zote za malipo. Mwajiri akiwa alikukata na hakuzifikisha fedha, hati hizo ndizo ushahidi wako. Zihifadhini kwa miaka mitano.

Huduma ya kuwasilisha haina malipo. Kama huna kompyuta au huna mazoea nayo, maafisa wa KRA katika ofisi zao na katika Vituo vya Huduma watakusaidia bure. Natambua kwamba wengi mtakwenda saiba vilevile, kwa kuwa ipo karibu na foleni yake ni fupi. Si dhambi. Wapo wahudumu waaminifu na hodari, na wengine wanaijua iTax kunishinda. Lakini hapo unanunua huduma, na mnunuzi ana haki zake. Kwa kuwa hiyo ndiyo kazi tuliyowekewa sisi, nitaisema kwa kirefu kidogo.

Kabla mhudumu hajagusa kibodi, mwambie wewe ni nani: nimeajiriwa, P9 yangu ni hii, au sina pato lolote, nataka ritani ya sufuri. Asipotaka kuitazama P9, chukua mkoba wako uondoke. Andika nenosiri kwa mkono wako mwenyewe, usilitamke mbele ya watu wala kuliandika kwenye daftari lake, na ukifika nyumbani libadilishe. Yapo madaftari kwenye maduka haya yenye PIN na manenosiri ya mtaa mzima. Mwenye daftari hilo akiwa mwema leo, hujui litaangukia mikononi mwa nani kesho. Hakikisha kwamba anwani ya baruapepe na nambari ya simu zilizosajiliwa ni zako. Wengi wetu tulipofunguliwa PIN tulikuwa hatuna baruapepe, mhudumu akaweka yake ili kazi iende. Tokea siku hiyo kila barua ya KRA, pamoja na ilani za faini, humwendea yeye. Mzee mmoja alikuja kwetu na barua za miaka mitatu asizowahi kuziona, kwa sababu zilikuwa zimelala katika baruapepe ya kijana aliyekwisha funga duka na kuhamia mji mwingine.

Kisha, usilipe kabla ya kupewa risiti ya uthibitisho, na usiikunje kabla ya kuisoma. Tazama vitu vitatu: PIN iwe yako, mwaka uwe ndio, na aina ya ritani iwe ile uliyoagiza. Nusu dakika ile ndiyo iliyonishinda mimi.

Jihadharini pia na yule asemaye, “Nipe asilimia kumi, nitakutolea marejesho makubwa.” Hubuni bima usiyokuwa nayo na makato usiyokatwa. Ritani ni taarifa yako hata kama imeandikwa na mkono wa mwingine. Ikichunguzwa, atakayeitwa ni wewe. Na ujumbe wa simu unaokuambia una marejesho yanayokungoja, bonyeza hapa uandike nenosiri lako, ufute.

Nimalizie na wale waliochelewa tayari, ambao nadhani ndio wengi kuliko wanaokubali. Nimewahi kuulizwa na kijana kama si afadhali anyamaze, kwa kuwa akiwasilisha ya miaka ya nyuma atakuwa amejichongea. Namwelewa. Mwenye deni la duka hupitia njia ya uchochoroni, hilo tunalijua sote. Lakini mtandao hauna uchochoro. PIN yake itahitajika siku atakapotaka kazi, zabuni ya kaunti au hati ya kiwanja, na siku hiyo miaka yote itajitokeza kwa pamoja, naye hana muda wa kungoja.

Tena mwaka huu kuna jambo la bahati, na ndilo lililotufanya tuje kwenu mwezi huu badala ya Septemba. Bunge lilirefusha msamaha wa adhabu na riba. Unahusu vipindi vya ushuru hadi tarehe 31 Desemba 2023, nao unakwisha tarehe 30 Juni 2025, siku ile ile ya ritani. Kwa aliyekwisha lipa ushuru wote wa vipindi hivyo, au hakuwa na ushuru wa kulipa, kilichomwelemea kikawa ni adhabu na riba tu, msamaha huja wenyewe bila kuombwa. Kama zipo ritani ambazo hakuwahi kuziwasilisha, aziwasilishe sasa. Anayedaiwa ushuru wenyewe anatakiwa kuomba msamaha na kuulipa ushuru huo kufikia tarehe hiyo. Unaruhusiwa kulipwa kwa awamu, almuradi umalizike kabla ya siku. Yule mama wa samaki mwenye miaka sita kabatini anaweza kuiondoa karibu yote kabla ya mwezi ujao kwisha. Utakaobaki juu yake ni mwaka 2024, ambao msamaha hauugusi, na ambao bado hajauchelewa.

Mtu akishindwa kwa sababu ya kweli, tuseme amelazwa hospitali, sheria inaruhusu kuomba nyongeza ya muda. Ila huombwa mapema, kabla ya siku kufika. Tarehe 29 Juni si wakati wake.

Mwenyekiti ameninong'oneza kwamba chai imeiva. Pale karibu na dirisha tumeweka kompyuta mbili, na wenzangu wawili wamekaa wanangoja. Aliye na P9 yake leo na aje nayo. Aliyesahau nenosiri aje na kitambulisho na simu iliyosajiliwa kwa PIN yake. Wenye waajiri wawili waje kwangu mimi, tufanye hesabu kwenye karatasi kwanza.